Kila Ikilia

Daktari alikuwa amevua miwani na kuishika mkononi. Inspekta alikuwa amesimama kwenye varanda za hospitali mara nyingi kuliko alivyopenda, na alijua kwamba daktari akivua miwani hana habari njema.

"Moyo wake unapiga polepole mno, na unazidi kupungua," daktari alisema. "Kuna kitu amemeza. Nina dawa mbili ninazoweza kumpa. Moja inaweza kumrudisha. Nyingine, nikimpa pasipo pake, nitakuwa nimemuua mimi mwenyewe."

"Na hujui ipi ni ipi."

"Nitajuaje, na sijui amemeza nini? Damu imepelekwa maabara, majibu ni kesho. Kesho yenyewe hana, Afande. Niletee jina la alichomeza, leo, kabla jua halijazama. Baada ya hapo mimi na wewe tutakuwa tunaongea habari za mazishi."

Nyuma ya kioo alilala mzee mwembamba, fundi cherehani, ambaye mtaa mzima ulimwita Fundi tu utadhani hakukuwa na fundi mwingine duniani. Muuguzi alikuwa amemvua tepu ya kupimia nguo shingoni na kuitundika kwenye chuma cha kitanda. Kinyozi wa mlango wa pili ndiye aliyemkuta asubuhi ile sakafuni, kando ya cherehani yake, simu mkononi na kikombe cha chai nusu mezani.

Mwanawe mkubwa, mwenye duka la vipuri vya magari, alikuwa akirandaranda varandani na funguo zake zikilia mfukoni.

"Mnangoja nini?" alimfokea Inspekta. "Mwanamke mnaye. Mbaneni aseme! Chai kapika yeye, nyumbani anakaa yeye, mdogo wangu, mumewe, yuko safarini hana hili wala lile. Nani mwingine?"

"Anasema baba yako alikuwa akimeza vidonge."

"Vidonge gani? Baba hajawahi kuugua hata mafua! Nyinyi si mmepekua nyumba nzima? Mmeona kidonge?"

Hapo alisema kweli. Koplo alikuwa amepekua makabati, godoro, mifuko ya makoti na hata ndani ya cherehani, akatoka mikono mitupu. Hakukuwa na kidonge wala karatasi ya kidonge.

"Mimi mzee wangu namtunza," mwana mkubwa aliendelea, na sasa sauti ilikuwa inamkatika. "Juzi tu nimemnunulia simu ya maana, ya kioo kikubwa, aache kuhangaika na ule mkweche. Leo ananifia mikononi mwa mwanamke yule. Afande, nakuomba."

Inspekta alitazama dirishani jua lilipofika, akamwashiria Koplo waondoke.

*

Chumba cha kinyozi na cha Fundi vilitenganishwa na mbao nyembamba tu, na upande wa pili mtu akikohoa, upande huu unaweza kumwambia pole. Kinyozi alikuwa na mteja kitini, nusu ya kichwa imenyolewa na nusu bado, lakini aliweka mashine chini kwa furaha ya mtu aliyengoja kuulizwa.

"Nilimsikia kwa masikio yangu haya mawili. Mkaza mwana wake. Sauti ile naijua, kila asubuhi ananisalimu."

"Alisema nini hasa?"

Kinyozi alibana koo, akatoa sauti nyembamba. "'Baba, meza dawa yako jamani. Usinitie wasiwasi.' Basi, kimya. Namaliza upande mmoja wa kichwa, tena: 'Baba, meza dawa yako jamani.' Anakaa kidogo, tena! Asubuhi nzima!"

"Na Fundi?"

"Mwanzoni alikuwa anaitika. 'Haya, mama, nameza.' Baadaye akawa anaitika kwa mbali. Baadaye nikawa simsikii kabisa. Lakini yule mwanamke hakumhurumia, aliendelea naye vilevile. Afande, yule alikuwa anamlisha sumu mzee wa watu huku anambembeleza!"

Inspekta alisogea mpaka kwenye mbao, akaigonga kwa kidole.

"Ulimwona?"

"Nimwone vipi, na ukuta huu?"

"Ulimsikia akitembea? Akivuta kiti? Akifunga mlango?"

"La. Sauti tu."

"Maneno yalibadilika? Mtu akibembeleza, mara ya kwanza atasema hivi, mara ya tano atakasirika."

"Hapana. Hakukasirika. Yaleyale, kwa upole uleule." Kinyozi alikuna kidevu. "Na kile kitoto kikipiga chafya."

"Kitoto gani?"

"Si alikuwa na mtoto mgongoni? Akimaliza tu kusema 'usinitie wasiwasi,' mtoto anapiga chafya. Kila mara. Nikasema moyoni, mtoto huyu ana mafua, na wao wanahangaika na mzee."

Inspekta alimtazama Koplo. Koplo alitikisa kichwa. Katika nyumba ile hapakuwa na mtoto, na jambo hilo mwana mkubwa alikuwa amekwisha kulitaja asubuhi, tena kwa maneno yasiyopendeza.

"Sauti ilikoma lini?"

"Ilikoma yenyewe, ghafla. Ndipo nikaona kimya kimezidi, nikaenda kuchungulia, nikamkuta chini."

"Nani mwingine huja kwa Fundi? Rafiki, ndugu, mtu wa kumpa ushauri?"

Kinyozi alicheka, kisha akakumbuka si siku ya kucheka. "Siku hizi shauri lake lote ni la Mjomba. Mjomba kasema hivi, Mjomba kasema vile. Nikamuuliza, mzee wa umri wako una mjomba aliye hai? Akacheka mpaka pini zikamdondoka mdomoni. Kumbe ni Mjomba wa kwenye simu. Ukurasa unaitwa Muulize Mjomba. Simu ikigoma, anamuuliza. Goti likimuuma, anamuuliza. Hata mimi nilimuuliza habari za upara wangu."

"Akasemaje?"

"Aliniambia niuzoee."

*

Mkaza mwana alikuwa ameketi kwenye benchi la chumba cha mahojiano, kanga imemteleza begani na hana habari nayo. Aliwahi kuuliza kabla hajaulizwa.

"Baba anaendeleaje?"

"Vibaya. Nieleze tena asubuhi yako."

"Nilimpikia chai, nikachukua magauni mawili yaliyokwisha, nikayapeleka kwa mteja. Mteja akayajaribu, moja likambana, nikakaa nalifumua palepale. Narudi nakuta polisi mlangoni. Afande, muulizeni mteja."

Walikuwa wamemuuliza. Mteja aliapa kwamba mwanamke huyu alikaa kwake asubuhi nzima na sindano mkononi. Kinyozi naye aliapa kwamba alimsikia nyuma ya mbao asubuhi nzima. Mmoja wao alikuwa mwongo, au wote wawili walisema kweli, na Inspekta alikuwa anaanza kuogopa kwamba ni hilo la pili.

"Vidonge unavyosema. Vya nini?"

"Aliniambia ni vya kuongeza damu. Alikuwa anakwenda hospitali kimyakimya, na tepu shingoni, ili tudhani anakwenda kumpima mteja. Akaniapisha nisiwaambie wanawe. Alisema wakijua anaumwa watamfungia cherehani, na bila cherehani atakufa upesi zaidi."

"Hospitali ipi?"

"Hakuniambia."

"Vilikuwa wapi?"

"Vilikuwa kwenye kikopo chake juu ya kabati. Siku hizi sikioni. Nilimuuliza, akaniambia ameviweka pazuri zaidi." Alijifuta uso kwa kiganja. "Najua navyoonekana. Naonekana mwongo. Hata mimi ningekuwa shemeji ningeniona mwongo."

"Una mtoto?"

Mwanamke alimwinulia macho yaliyojaa machozi. "Hata wewe, Afande?"

"Nauliza kwa sababu, dada. Nijibu."

"Sina. Mtoto niliyembeba karibuni ni wa dada yangu. Nilikwenda kumuuguza alipojifungua."

"Ukiwa huko ulikuwa ukizungumza na mkweo?"

"Kila siku, kwa ujumbe wa sauti. Kusoma maandishi kunamchosha macho. Namuuliza amekula, amelala, amemeza dawa. Mambo ya kawaida tu."

Inspekta alikuwa amekwisha simama. "Koplo! Simu ya mzee iko wapi?"

"Kwenye bahasha, Afande. Imekufa betri."

"Simu ya juzi, mpya, inakufaje betri asubuhi?"

Waliichomeka kwenye chaja ya garini, na ilipopata uhai iliwataka mchoro wa kuifungua, ambao Fundi peke yake aliujua. Inspekta alijaribu L, akajaribu Z, simu ikamwambia angoje. Akaitupa mapajani na kufungua ukurasa wa Muulize Mjomba kwenye simu yake mwenyewe.

Picha ya Mjomba ilikuwa ya mzee mwenye ndevu nyeupe na tabasamu la kuazima. Chini yake watu walimwaga shida zao. Mmoja simu yake ilikuwa inapata joto, mwingine alitaka kujua kama ni vibaya kulala na simu kifuani. Wa tatu mkewe alikuwa anakoroma. Mjomba alimjibu kila mmoja kwa upole, bila kumfanya mjinga, na mwisho wa kila swali la afya aliandika kwamba nenda kwa daktari, nenda leo, usiogope. Inspekta hakuvutiwa na maneno. Alivutiwa na picha za mafunzo, ambamo kidole gumba kilionyesha kitufe cha kubonyeza.

"Mjomba anapaka rangi ya kucha," alisema.

Koplo aliinama kutazama. Hakutazama kidole, alitazama kilichokuwa chini yake: kioo cha kaunta kilichopasuka na kuzibwa kwa gundi ya bluu.

"Kaunta hii naijua, Afande," alisema kwa uchungu. "Hapa niliuziwa chaja iliyokufa kabla sijafika nyumbani."

*

Kibanda cha vifaa vya simu kilikuwa kimebanwa kati ya duka la viatu na mlango wa ngazi. Msichana wa kaunta alikuwa anabandika plastiki kwenye kioo cha simu ya mteja, ulimi umemtoka pembeni ya mdomo kwa umakini. Kucha zilikuwa nyekundu, za vidole gumba zimebanduka rangi.

"Tunamtafuta Mjomba," Inspekta alisema.

"Mjomba hayupo."

"Mjomba ana kucha nzuri."

Msichana aliuona mkono wake mwenyewe, akauficha chini ya kaunta. Mteja alichukua simu yake na kuaga bila kungoja kuambiwa.

"Nikijiita dada, wanaume wananiomba namba," alisema taratibu. "Nikijiita mjomba, wananiheshimu. Hilo ni kosa?"

"Habari za magonjwa umezitoa wapi?"

"Nilikuwa karani wa mapokezi kwenye zahanati. Niliona watu wanavyofokewa, wanarudi nyumbani hawajauliza walichokuja kuuliza. Afande, sijawahi kumwandikia mtu dawa! Nawaambia waende hospitali. Nawaambia vizuri tu, basi. Kama kuna mtu kasema—"

"Kuna mzee anakufa. Mshonaji. Unamjua?"

"Fundi? Fundi wangu?"

"Nionyeshe mazungumzo yenu."

"Sina. Nafuta kila nikimaliza na mtu. Wananiambia mambo ambayo hata wake zao hawayajui, siwezi kuyaacha humu."

Inspekta alipiga kaunta kwa kiganja, na ufa wa kioo ukasogea. Simu yake ikaita wakati huohuo. Alisikiliza, hakusema neno ila "ndiyo, daktari," akaikata.

"Moyo wake unazidi kushuka," alimwambia msichana. "Basi kumbuka. Kila neno."

Msichana alijishika kichwa. Maneno yalimtoka yakigongana.

"Alikuwa anasahau. Ndiyo shida aliyoniletea. Anameza kidonge, anageukia kitambaa, halafu hajui kama amemeza au alitaka kumeza. Siku moja akameza mara mbili, akaogopa sana. Nikamwambia, Fundi, usibishane na kumbukumbu, iachie simu kazi hiyo. Nikamfundisha kuweka kengele, asubuhi na jioni. Nikamwambia kila ikilia, meza. Isipolia, usimeze. Usijiulize."

"Na mlio?"

"Alisema kengele anazipuuza, kazini kuna kelele. Nikamwambia atumie sauti ya mtu asiyeweza kumkatalia. Akasema anayo moja, ya mkaza mwana wake, aliyomtumia akiwa safarini. Nikamwelekeza mpaka ikakubali. Alifurahi, Afande. Alinitumia ujumbe anacheka."

"Na ndani yake mtoto anapiga chafya."

"Umejuaje?"

Koplo alitoa pumzi ndefu. Sauti ilikuwepo chumbani na mwenye sauti hakuwepo. Kinyozi hakuwa mwongo wala mteja hakuwa mwongo.

"Lakini kengele ya asubuhi hulia mara moja," Inspekta alisema. "Hii ililia asubuhi nzima. Kwa nini?"

"Haiwezekani. Kwenye simu yake kuna kitufe kimoja tu, ukikibonyeza—" Msichana aliigeukia rafu nyuma yake. "Jana usiku aliniandikia. Mwanawe mkubwa amemletea simu mpya. Nikamsaidia kuhamisha kila kitu."

Alichomoa rafuni simu ya aina ileile, akaiwekea kengele ya dakika moja mbele. Wote watatu waliinama juu yake. Ilipolia, kioo kizima kilijaa duara kubwa la rangi ya machungwa, na Koplo, bila kuambiwa, alilibonyeza. Ikanyamaza.

"Imezimika," Koplo alisema.

"Haijazimika," msichana alisema, na sauti yake haikuwa tena ya kuuza kitu. "Hiyo kubwa ni ya kuahirisha. Ya kuzima ni ile ndogo, kule chini. Ukibonyeza kubwa inalala kidogo, halafu inalia tena. Mpaka betri ife."

Walingoja, na haikuchukua muda. Ililia tena. Msichana aliziba mdomo kwa mikono yote miwili.

"Nilimwambia asijiulize," alisema ndani ya viganja. "Yeye alikuwa anataka kujiuliza. Mimi ndiye niliyemwambia asijiulize."

"Vidonge gani?"

"Sikumuuliza! Mimi siulizi dawa za watu, naogopa kuonekana najifanya daktari!"

"Anaviweka wapi?"

"Nilimwambia avitoe kabatini. Aviweke mahali mkono wake unapokwenda kila siku wenyewe, bila kuwaza. Hakuniambia ni wapi."

Inspekta alikuwa tayari ametoka nje ya kibanda alipogeuka.

"Ushauri huo umempa Fundi peke yake?"

Machozi yalikuwa yanamdondoka msichana kwenye kioo cha kaunta.

"Umebandikwa juu kabisa ya ukurasa. Ndio walioupenda kuliko mwingine wowote."

"Ufute. Kisha waandikie. Usiache hata mmoja, na usitoke hapa mpaka umalize."

*

Chumba cha Fundi kilikuwa kama walivyokiacha: vipande vya vitambaa sakafuni, chai imeweka utando kikombeni. Inspekta aliketi kwenye kigoda cha mzee, akaweka miguu kwenye pedali. Nje jua lilikuwa limegusa mapaa.

"Unafanya nini, Afande?"

"Nashona."

Mkono wa kulia ulikwenda kwenye gurudumu. Mkono wa kushoto ulisukuma kitambaa ambacho hakikuwepo. Sasa gauni limefika mwisho, fundi anahitaji nini? Mkono wa kushoto ulinyooka pembeni wenyewe, ukagota kwenye kopo la bati lililojaa vifungo.

"Hilo nililipekua mwenyewe," Koplo alisema. "Ni vifungo vitupu. Vyeupe, vyeusi, vya kila namna."

"Vyeupe vyote vilikuwa na matundu?"

Inspekta aliligeuza kopo juu ya ubao wa kukatia, vifungo vikamwagika na kubiringika mpaka sakafuni, na wote wawili wakapiga magoti. Walivigeuza kimoja kimoja. Kifungo kina matundu mawili au manne. Walitafuta kisicho na tundu, na kila cheupe walichokishika kilikuwa na tundu. Koplo alikuwa anatokwa na jasho, anasema "si hiki, si hiki" kama anayesali. Mwishowe rundo lote likawa limehama kutoka kushoto kwenda kulia na mikono yao mitupu.

"Amevimaliza," Koplo alisema. "Afande, vyote amevimeza."

Inspekta alichukua kopo, akalikung'uta. Hakikutoka kitu. Akachungulia ndani, akaingiza kidole kwenye pembe ya bati iliyokunjika, na kucha yake ikagusa kitu kilichokwama. Alikichokoa kwa pini ya Fundi mwenyewe, polepole, asije akakivunja. Kilidondoka kiganjani, cheupe, hakina tundu. Kilikuwa na mstari katikati na herufi mbili upande wa nyuma.

Alikipiga picha, akaituma, akapiga simu. Daktari alipokea kabla haijaita vizuri.

"Umeiona?"

Alimsikia daktari akimwita muuguzi kwa sauti ambayo hakuwahi kumsikia nayo.

"Ni ya moyo, ya kupunguza mapigo," daktari alisema akikimbia, pumzi juujuu. "Ndiyo maana. Kimoja tu kinatosha kwa nusu siku. Amemeza vingapi?"

"Alikuwa anameza kila alipoambiwa," Inspekta alisema, na simu ilikuwa imekwisha katwa.

*

Kituoni taa zilikuwa zimeanza kuwashwa. Inspekta aliamuru mkaza mwana aletwe kwenye meza yake, bila pingu, na mwana mkubwa akaja mwenyewe, funguo zikilia, tayari kupiga kelele.

"Kaa chini," Inspekta alimwambia. "Wewe pia, dada."

Simu ya Fundi ilikuwa mezani katikati yao, imechomekwa umeme. Hospitali haikuwa imepiga. Inspekta aliwaeleza wote wawili habari za vidonge, kopo na Mjomba kwa sauti bapa, asiruke kitu, kwa sababu hakuijua njia nzuri ya kuyasema.

"Uongo," mwana mkubwa alisema. "Mnamkingia kifua. Kinyozi alimsikia huyu! Alimsikia kwa masikio yake!"

Simu ikawaka: ilikuwa kengele ya jioni.

"Baba, meza dawa yako jamani," ilisema kwa upole, kutoka mezani, na mkaza mwana akashtuka kana kwamba ameguswa. "Usinitie wasiwasi." Kisha mtoto mchanga alipiga chafya, na kwa mbali mwanamke mwingine akacheka.

Ikaanza upya. Kioo kilijaa duara la machungwa.

"Hiyo ni sauti yangu," mkaza mwana alinong'ona. "Hiyo nilimtumia kutoka kwa dada. Alikuwa... alikuwa ananisikiliza mimi?"

Mwana mkubwa alinyoosha mkono wake mnene juu ya meza, akabonyeza katikati ya duara. Simu ikanyamaza. Alibaki ameutazama mkono wake, kisha akaitazama simu, na plastiki ya dukani ambayo mzee hakuwa na moyo wa kuibandua, akaelewa. Inspekta aliona alivyoelewa. Funguo zilimtoka mkononi zikaanguka sakafuni na hakuziokota.

"Nilitaka aone herufi vizuri," alisema. "Macho yake... Nilitaka aone vizuri tu."

Mkaza mwana, aliyeitwa mchawi na muuaji na mtu huyohuyo tangu asubuhi, alisogeza kiti chake, akamshika mkono. "Shemeji," alisema. Mwanamume akalia kwa sauti, na askari wa kaunta wakageuza nyuso.

Safari hii simu iliyoita ilikuwa ya Inspekta.

Aliipokea amesimama. Wawili wale walikuwa wanamtazama midomo tu.

"Hatujavuka," daktari alisema. "Nisikudanganye. Usiku huu bado ni mrefu. Lakini moyo umeitikia dawa, na amefungua macho. Kuna jambo anauliza, hatulielewi. Amemshika muuguzi mkono, hataki kumwachia. Anauliza, imeshalia?"

Inspekta alifungua mdomo kujibu. Mezani, katikati yao, kioo kiliwaka tena.

"Baba, meza dawa yako jamani."

"Mwambieni asimeze," Inspekta alisema. "Mwambieni haitalia tena."

Na mkaza mwana, macho yamejaa machozi hata haoni vizuri, alikuwa amekwisha inama juu ya simu, anakitafuta kwa ncha ya kidole kile kitufe kidogo kule chini.